Ngoma ya Mkono katika Nyimbo za Ibada za India: Nani Alifundishwa na Nani Alizuiwa

Makala hii inahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana dogo, nalo ni jinsi watu wa India wanavyojifunza kupiga ngoma ya mkono ili kuongoza nyimbo za ibada. Sikulichagua kwa sababu ya ugeni wake. Nililichagua kwa kuwa sisi Walutheri tumehusika nalo kwa zaidi ya miaka mia mbili, na kwa kuwa chama kile kile cha misioni kilichopokea kazi ya Tranquebar, kusini mwa India, mwaka 1847, ndicho kilichowatuma watu wake Kilimanjaro mwaka 1893. Mengi tunayobishania juu ya ngoma katika sharika zetu yalikwisha kubishaniwa huko kabla babu zetu hawajaisikia Injili, wala sikumbuki kwamba nilipokuwa mwanafunzi kuna aliyetueleza habari hizo.

Katika mijadala yetu swali hurudi lile lile: je, ngoma ni ya kipagani au yaweza kutakaswa? Historia ya India inalipita swali hilo na kutupeleka kwenye jingine zito zaidi. Ngoma ilikubaliwa mapema, na wengi. Lakini mkono uliofundishwa kuipiga ulikuwa wa nani, na mkono ulioiwamba ulikuwa wa nani?

Mafunzo yanayoanza kinywani

Kwanza tuyaweke wazi maneno. Katika Kiswahili tumezoea kumwita mtu yeyote mwenye asili ya India "Mhindi", na mara nyingi tunamchanganya na "Mhindu", yaani mfuasi wa dini ya Kihindu. Tofauti hiyo ni ya lazima hapa, kwa sababu sehemu kubwa ya watu nitakaowataja ni Wahindi wasio Wahindu. Kirtan ni uimbaji wa kusifu ambamo kiongozi hutoa mstari na mkutano ukaitikia, kwa ngoma na matoazi madogo ya mkononi. Atakayepita mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, penye mahekalu ya Kihindu, aweza kuzisikia nyimbo za jamii hiyo. Ngoma zinazojulikana zaidi kwetu ni tabla na dholak. Tabla imeingia hata katika taarabu ya pwani. Huko Bengal, hata hivyo, ngoma ya kirtan ni khol, ambayo mwili wake ni wa udongo wa kuchomwa. Kusini, katika nchi ya Watamil, ni mridangam, nayo huchongwa katika gogo la mfenesi.

Niliwahi kupata nafasi ya kukaa miezi mitatu kusini mwa India nikiwa mgeni wa chuo kimoja cha theolojia. Mzee mmoja Mkristo, mwalimu mstaafu, alikubali kunifundisha mridangam. Nilifika siku ya kwanza nikiwa na kiburi kidogo, maana nyumbani nilikwisha kupiga ngoma tangu utotoni. Mzee akaniambia niweke mikono juu ya magoti, nami kwa muda wa juma zima sikuigusa ngoma. Tulikaa chini kwenye mkeka, uso kwa uso, akanitamkisha silabi: ta, di, tom, nam. Kila silabi ni pigo lake. Kuna pigo la kidole, pigo la kiganja, pigo linaloachwa livume na pigo linalozimwa. Lakini mwanafunzi hulisema pigo kabla hajalipiga. Huzisema silabi hizo polepole, kisha kwa mwendo maradufu, kisha maradufu tena, huku mkono wake ukihesabu mzunguko juu ya paja. Mzunguko unaotumika zaidi una hesabu nane: kofi moja, vidole vitatu kuanzia kidole cha mwisho, kisha kofi na kugeuza kiganja, kofi na kugeuza kiganja. Nilipokosea, mzee hakunieleza kosa langu. Aliisema silabi upya kwa sauti ile ile mpaka nikasikia mwenyewe. Mwanangu, aliniambia, kisichokaa kinywani hakitakaa mkononi.

Ninayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu ndiyo kiini cha suala letu. Sanaa inayofundishwa namna hii haichukuliwi kitabuni. Mwanafunzi hana budi kukubaliwa na mwalimu, kuketi mbele yake kwa miaka, mara nyingi kula nyumbani mwake na kumtumikia. Basi yeyote asiyekubaliwa kuketi juu ya mkeka ule, hata akiwa na sikio jema kuliko wote, hatajifunza. Na katika nchi yenye matabaka ya kuzaliwa, nani aweza kuketi karibu na nani ni jambo lililoamuliwa kabla mtoto hajazaliwa.

Bengal: ngoma iliyovunjwa

Chaitanya alizaliwa Navadvip, Bengal, mwaka 1486. Huyu ndiye aliyeitoa kirtan katika nyua za nyumba na kuipeleka barabarani, makundi ya watu wakiimba majina ya mungu wao Krishna kwa khol na matoazi. Waandishi wa maisha yake wanasimulia kwamba kadhi wa mji, aliyetawala kwa niaba ya mfalme Mwislamu, aliivunja ngoma mojawapo na kupiga marufuku uimbaji huo. Chaitanya akajibu kwa kuongoza maandamano makubwa ya usiku mpaka nyumbani kwa kadhi. Hapa masimulizi yanaachana. Mwandishi wa mapema zaidi, Vrindavan Das, anaeleza ghasia na uharibifu wa mali. Krishnadas Kaviraj, aliyeandika baadaye, anaeleza mazungumzo ya adabu na mapatano. Mwanafunzi aliyezoea kulinganisha Injili tatu za kwanza atajikuta katika kazi anayoijua.

Lakini tukio la ngoma iliyovunjwa lisitufumbe macho tusione jingine. Miongoni mwa waimbaji wakuu wa kundi lile alikuwamo Haridas, ambaye kwa mapokeo alizaliwa katika nyumba ya Kiislamu. Alipendwa na Chaitanya na kuheshimiwa kama mwalimu wa kulitaja jina la Mungu. Hata hivyo, kundi lilipohamia Puri, Haridas hakuingia katika hekalu la Jagannath, kwa sababu ya kuzaliwa kwake. Aliimba nje. Uimbaji uliovunja mipaka barabarani ulisimama mlangoni pa hekalu, na hali hiyo tutaikuta tena, safari hii kwa watu waliobatizwa.

Tranquebar na Tanjore

Bartholomäus Ziegenbalg na Heinrich Plütschau walifika Tranquebar Julai 1706. Ziegenbalg alijifunza Kitamil kwa bidii ya ajabu, akakusanya vitabu vya wenyeji, na mwaka 1713 akamaliza kitabu kirefu juu ya miungu ya kusini mwa India. Wakubwa wake huko Halle hawakukichapa. Kilitoka Madras mwaka 1867, karibu miaka 150 baada ya mwandishi wake kufariki. Katika ibada, nyimbo zilizoimbwa zilikuwa tenzi za Kijerumani zilizotafsiriwa kwa Kitamil, zikibaki na sauti zake za Ulaya. Sisi tuliokua na tenzi za namna hiyo hatuna haja ya kuelezwa jinsi maneno yanavyoteseka, mkazo wa neno ukianguka pasipo pake.

Aliyeibadili hali hiyo alikuwa mwenyeji. Vedanayagam Sastriar alizaliwa mwaka 1774 katika nchi ya Tirunelveli. Akiwa kijana mdogo alichukuliwa na Christian Friedrich Schwartz, mmisionari Mlutheri wa Tanjore, akalelewa na kusomeshwa naye. Mwanafunzi mwingine wa Schwartz alikuwa Serfoji, ambaye mwaka 1798 alitawazwa kuwa mfalme wa Tanjore. Basi mshairi na mfalme walikuwa wamefundishwa na mchungaji mmoja, ijapokuwa mfalme alibaki Mhindu. Sastriar alichukua namna za ushairi na muziki za mahekalu na ikulu ya Tanjore akazitia Injili. Mojawapo ya kazi zake, Bethlehem Kuravanji, inatumia tamthilia ya kuimbwa ambayo Watamil wote waliijua. Alitunga kirttanai, yaani nyimbo za ibada kwa sauti za Kikarnatiki, na alihubiri kwa masimulizi yanayoimbwa. Nyimbo hizo hutaka ngoma, maana zimetungwa ndani ya mizunguko ile ile ya hesabu niliyotamkishwa mimi mkekani. Alifariki mwaka 1864, na Watamil wanaimba nyimbo zake hadi leo.

Kama hadithi ingeishia hapo, tungempigia makofi na kwenda nyumbani. Lakini mwaka 1829 ulizuka mgogoro ambao kila mwalimu wa theolojia wa Afrika angefaa kuufahamu. Wamisionari wapya wa Tanjore walitaka kuondoa utengano wa matabaka kanisani. Wakristo wa Vellalar, watu wa kilimo wenye heshima, waliketi upande wao. Wakristo wa Paraiyar, waliohesabiwa kuwa najisi, waliketi upande mwingine na kukinywea kikombe cha Bwana baada ya wenzao. Sastriar, mwenyewe mtu wa Vellalar, aliandika kupinga. Alilalamikia mambo manne, akayaita ukatili: kuibadili tafsiri ya Biblia waliyoizoea, kuwalazimisha watu wa matabaka mbalimbali kuchanganyika, kukataza maua katika sherehe, na kuzuia nyimbo na muziki wa Kitamil katika ibada.

Orodha hiyo yafaa kusomwa mara mbili. Malalamiko matatu kati ya manne tungeyatia sahihi sisi sote. Ni sauti ya Mkristo mwenyeji anayetetea lugha yake, maua yake na ngoma yake mbele ya wageni wasiojua thamani yake. Lakini lalamiko moja limeketi katikati ya mengine kama nyoka kwenye kikapu cha mboga: mtetezi huyo huyo wa utamaduni alitetea pia haki yake ya kutoketi pamoja na ndugu yake. Wamisionari nao, walipotaka kuondoa utengano ulio kinyume cha Wagalatia 3:28, waliukusanya pamoja na maua na nyimbo, wakavitupa vyote. Pande zote mbili ziliuona utamaduni kuwa mzigo mmoja usiofunguliwa: ama uupokee wote, ama uukatae wote.

Leipzig

Mwaka 1833 Daniel Wilson, askofu wa Kianglikana wa Calcutta, aliagiza kwamba tofauti za matabaka ziondolewe kanisani mara moja. Wakristo kadhaa wa Tanjore walikataa, na baadhi yao wakawaendea Walutheri wa Leipzig, ambao mmisionari wao wa kwanza, Heinrich Cordes, alifika India mwishoni mwa mwaka 1840. Mkurugenzi wa Leipzig, Karl Graul, alizunguka India kati ya mwaka 1849 na 1853. Alikuwa mtaalamu mkubwa wa Kitamil na mtu aliyewaheshimu kwa dhati watu na fasihi yao. Msimamo wake ulikuwa kwamba tabaka ni desturi ya kijamii zaidi kuliko ya dini, na kwamba Injili ingeiyeyusha polepole pasipo amri. Si wote waliokubali. Mmisionari Carl Ochs alitengana na Leipzig kwa sababu ya jambo hili.

Nakiri kwamba ninampenda Graul kuliko Wilson. Anasoma kabla ya kuamuru. Walakini, nikijiuliza nani alinufaika na subira yake, jibu si Mparaiyar aliyesubiri zamu yake ya kikombe. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho maneno makali juu ya meza ambayo wengine hushiba huku wengine wana njaa, na hakuwapa muda wa kuyeyuka.

Sidai kwamba mawazo ya Graul yalisafirishwa moja kwa moja hadi Moshi. Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, alikuwa na walimu wengine na hoja zake mwenyewe kuhusu ukoo, ujirani na rika. Lakini imani kwamba Injili huingia katika taifa pamoja na vifungo vyake vya asili ilikwisha kukaa Leipzig muda mrefu, na mahali ilipojaribiwa kwanza ni kwa Watamil. Tunapomsifu Gutmann kwa kuwaheshimu Wachaga, ni haki tukumbuke pia gharama ya heshima kama hiyo ilipowekwa penye matabaka.

Mikono inayowamba

Turudi kwenye ngoma yenyewe. Mridangam ina viwambo viwili. Cha kulia kina ngozi za tabaka kadhaa, na katikati kiraka cheusi cha vumbi la jiwe lenye madini lililochanganywa na wali uliopondwa, kikipakwa kidogo kidogo na kusuguliwa mpaka kitoe sauti safi kama ya kengele. Cha kushoto hubandikwa donge bichi la unga wa semolina kabla ya kupigwa, ili kivume kwa chini. Ngozi ni za ng'ombe, mbuzi na nyati wa kufugwa. Fundi huichagua kwa kuigusa, akijua umri wa mnyama na hata kama alikwisha kuzaa.

Kwa vizazi vingi wapigaji mashuhuri wa ngoma hii wamekuwa kwa sehemu kubwa Wabrahmani, watu ambao kwa desturi yao hawagusi mzoga wala kula nyama ya ng'ombe. Mafundi wanaoziwamba ni kwa sehemu kubwa Wadalit, yaani watu wa matabaka yaliyotengwa, na wengi wao ni Wakristo. Mwimbaji T. M. Krishna, mwenyewe Mbrahmani, aliandika historia yao katika kitabu Sebastian & Sons, kilichotoka kama miaka 1010 baada ya Wacholi kujenga hekalu kuu la Tanjore, yaani mwaka 2020 wetu; nasema hivyo ili tuone umri wa sanaa ambayo mafundi wake wamesubiri hadi jana kuandikwa majina yao. Sebastian alikuwa fundi wa Tanjore, na uzao wake wameendelea na kazi hiyo. Palghat Mani Iyer, aliyefariki mwaka 1981 na ambaye wengi humhesabu mpigaji mkuu wa karne yake, alifanya kazi miaka mingi na fundi Parlandu wa ukoo huo. Sauti iliyomletea sifa ilitafutwa na wawili. Kitabu kilipokaribia kuzinduliwa, taasisi ya sanaa ya Chennai iliyokuwa imetoa ukumbi iliondoa kibali chake, na uzinduzi ukafanyika kwingine.

Mzee wangu alikuwa na fundi wake. Alikuja Jumamosi moja, akaketi barazani, akafungua kanda za ngozi na kuanza kuzikaza kwa jiwe na kipande cha mti, akisikiliza. Kila baada ya pigo la jiwe aligonga ukingo wa kiwambo kwa kidole kimoja. Nilimwuliza mzee kwa nini fundi mwenye sikio la namna ile hapigi ngoma kanisani, naye ni mshirika wetu. Mzee alikawia kujibu. Kisha akasema kwamba hakuna aliyemfundisha, na baada ya kitambo akaongeza kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuombwa.

Ngoma nyingine

Miongoni mwa waliolikabili jambo hili kama wanatheolojia alikuwamo Mchungaji J. Theophilus Appavoo, aliyezaliwa mwaka 1940 na kufariki mwaka 2005. Alifundisha katika seminari ya Tamil Nadu huko Madurai. Appavoo aliona kwamba kirttanai za mtindo wa Sastriar, ingawa ni za Kitamil kabisa, ziliingia kanisani zikiwa zimevaa vazi la wakubwa. Kuzipiga vema kwataka mwalimu, ada na miaka. Yeye aligeukia muziki wa vijijini, akaandika liturujia nzima kwa sauti hizo, na kuthamini ngoma ya parai. Parai ni ngoma ya duara yenye kiwambo kimoja, hupigwa kwa vijiti viwili, na jina la Waparaiyar limeunganishwa nayo. Lugha za Ulaya zimelifanya jina hilo kuwa neno la kumtaja mtu aliyetupwa na jamii. Ilikuwa ngoma ya matanga na ya matangazo, na kuipiga ilikuwa alama ya unyonge. Kuileta mbele ya madhabahu kulikuwa ungamo la imani.

Hoja yake iliyonigusa zaidi ni ya ualimu. Wimbo wa kijiji, alifundisha, waweza kubadilishwa na yeyote anayeuimba; mwanamke shambani huongeza ubeti wake na wimbo haukasiriki. Kwa hiyo asiyesoma hushiriki kuitengeneza theolojia badala ya kuipokea tu. Wapo waliompinga, wakisema kwamba anawanyima maskini muziki bora wa taifa lao, na kwamba afadhali mkeka wa mwalimu upanuliwe kuliko kuachwa kwa wenye nacho. Mimi sioni kwamba hoja hizi mbili lazima ziuane. Mzee wangu alikuwa anazeeka, na ngoma yake ilikuwa nzuri mno kuachwa ife naye.

Kabla sijaondoka nilimwomba jambo moja. Jumamosi iliyofuata fundi alipokuja kuichukua jora ya ngozi iliyobaki, mzee alimwita ndani, akamwonyesha nafasi iliyo kando yangu mkekani. Fundi alisimama mlangoni muda mrefu, akavua viatu, akaketi. Mzee akasema ta. Tukasema ta.